Kisanduku Alichojibu Bi Kadi

Karani wa masjala pale kituo cha afya aliitwa Bi Kadi, na jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo. Miaka ishirini na mbili alitunza kadi za wagonjwa katika makabati manne ya chuma. Ungemwamsha usingizini ukamtajia mtu, angekwambia kadi yake iko droo gani, na kama una nafasi ya kusikiliza, angekwambia na mke wake wa kwanza alikuwa nani. Kalamu zake zilikuwa mbili. Ya buluu ilikuwa ya kila mtu. Nyekundu ilikuwa ya wale ambao dawa fulani inawakataa, iwe penisilini, iwe salfa. Mtu wa namna hiyo alichorewa nyota nyekundu kwenye pembe ya kadi, kubwa, ya kuonwa hata na daktari aliyesahau miwani nyumbani.

Kisha ikaja kompyuta. Ilikuja na fundi wake, baba wa mapacha, aliyezungumza na mashine kwa upole ambao wanaume wengine hawajawahi kuwaonjesha wake zao. Alimfundisha Bi Kadi wiki mbili. Daktari mkuu akaamuru kadi zote ziwe zimeingizwa kabla ya Jumatatu, maana wageni wakubwa wangekuja kuzindua, na mgeni haji kupigia makofi mashine tupu.

Sasa, fomu ya kompyuta ile ilikuwa na kisanduku kimoja chenye kiburi. Kiliuliza: Kuna dawa inayomdhuru? Usipokijibu hupiti. Ukijibu "Ndiyo", kinakufungulia maswali mengine tisa: dawa ipi, tangu lini, alivimba wapi, nani alishuhudia. Bi Kadi alichapa kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa mtama. Aliwajibia wagonjwa wanne maswali hayo tisa, shingo ikakakamaa, wenye nyota wengine akawaacha wawe wa mwisho. Ijumaa ilipofika zilikuwa zimebaki kadi zaidi ya mia tatu. Ndipo akaanza kuandika "Hapana" kwa kila mtu, mwenye nyota na asiye na nyota. Zenye nyota akaziweka pembeni akazifunga kwa utepe, akajiambia: hawa nitawarudia.

Nitawarudia! Neno hilo ndilo limeacha nyumba nyingi zikiishia kwenye madirisha.

Jumamosi kadi zote zilihamishiwa stoo, na zile za utepe zikaenda nazo. Bi Kadi angeweza kuzifuata. Ufunguo ulikuwa pale pale kwenye msumari, anautazama. Lakini alikuwa na miadi ya kusuka nywele kwa ajili ya wageni, akaenda kusuka.

Jumatatu asubuhi wageni walijaa masjala hata pa kutemea mate hapakuwepo. Kwenye foleni ya sindano alikaa fundi cherehani mmoja, mzee aliyepewa jina la Mzee Pindo, mwenye kidonda cha mguu kilichogoma kupona. Yeye na Bi Kadi walikuwa watani wa siku nyingi.

"Bi Kadi, leo umependeza kama bibi harusi! Bwana harusi ndiyo hiyo mashine?"

"Nenda zako, Mzee Pindo. Mdomo wako ungekuwa sindano, mji mzima ungekuwa umevaa suti."

Wageni wakacheka. Muuguzi akamwita mzee chumbani. Mlango haukufungwa, na kutoka kiti cha Bi Kadi hadi kitanda cha sindano hazikupita hatua nne. Alisikia kila neno.

"Hii ni penisilini, baba."

"Hiyo hainitaki, mwanangu. Zamani ilinivimbisha uso, mke wangu akanifungulia mlango akaniuliza namtafuta nani."

"Mbona kompyuta inasema huna shida na dawa yoyote?"

"Kompyuta imenijulia wapi mimi?"

"Imechukua kwenye kadi yako. Aliyeandika ni Bi Kadi mwenyewe. Labda siku ile ulikula kitu kibaya."

Mzee akawaza kidogo. "Aa, kama ni Bi Kadi, basi. Yule ananijua kuliko ninavyojijua. Choma."

Wakati huohuo daktari mkuu alikuwa amemshika Bi Kadi begani. "Mama huyu," anawaambia wageni, "ameingiza kadi elfu mbili kwa mikono yake!" Makofi. Mtu mwenye kamera akasema tabasamu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakusema lolote kuhusu ulimi ulioamua kukaa kitako. Bi Kadi alifungua mdomo, na kilichotoka ni tabasamu.

Haikuchukua muda. Trei ilianguka, muuguzi akapiga kelele, daktari mkuu akakimbia huku koti likipepea. Wageni wakapelekwa haraka jengo la pili kunywa soda. Mzee Pindo alikuwa amevimba midomo na koo, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya hewa kwenye tundu la kifungo. Walimchoma dawa ya kumwokoa, wakamwekea hewa. Baada ya nusu saa ndefu koo likafunguka, wakamlaza wodini.

"Kompyuta imekosea," akasema muuguzi, analia.

"Kompyuta imekosea," wakasema wagonjwa wa foleni.

"Kitu kisicho na roho kitajuaje maumivu?" akasema mfagiaji, aliyekuwa ameichukia mashine tangu alipokatazwa kuipangusa kwa kitambaa chenye maji.

Wote walisema hivyo, na Bi Kadi akaona jinsi lilivyo jambo jepesi. Mtu akisingiziwa hupiga kelele, huapa, huita mashahidi. Mashine hunyamaza tu na taa yake ya kijani.

Lakini mashine ina mwenyewe. Daktari mkuu akamkabili fundi wa kompyuta. "Hadi saa nane uniambie data imepotelea wapi. La sivyo, fungasha begi lako."

Fundi akakaa kando ya Bi Kadi, jasho likimtoka, akifungua hiki na kufunga kile. "Mama, sielewi. Haikupoteza kitu. Ilichopewa ndicho ilichonacho. Wewe hukuona chochote?"

"Mimi? Mambo yenu hayo, baba, mimi nitayajulia wapi?" Alishangaa jinsi uongo wa pili ulivyotoka bila hata kumkwaruza koo.

Dirisha la dawa likafunguliwa tena. Muuguzi mwingine akaita, na aliyesimama alikuwa mama mmoja muuza mboga, mtoto mgongoni. Bi Kadi hakuhitaji kadi. Droo ya tatu, nyuma. Salfa. Alikaribia kuchubuka mwili mzima mwaka ule wa mafuriko. Muuguzi akasoma skrini, akatikisa kichwa kuwa hakuna tatizo, akanyoosha mkono kuchukua vidonge.

"Usimpe!" Bi Kadi alisimama hata kiti kikaanguka. "Usimpe! Msimpe mtu dawa yoyote hapa!"

Kituo kizima kikamgeukia. Hata mtoto mgongoni aligeuka kutazama.

"Si kompyuta," akasema. "Ni mimi. Niliandika 'Hapana' kwa wote ili nimalize. Wako thelathini na mmoja. Na fundi huyu hana kosa, nimemdanganya sasa hivi."

Daktari mkuu akamsogelea. "Mama, si ungesema asubuhi?"

"Nilisikia asubuhi. Mzee alipokuwa akisema. Nilikuwa napigwa picha."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Fundi alikwenda mwenyewe kufungua stoo. Mama muuza mboga alitoka bila kuaga, mkono wake umeshika mgongo wa mtoto.

Kabla ya kuanza kurekebisha, Bi Kadi aliingia wodini. Mzee Pindo alikuwa ameketi, uso bado umemvimba, jicho moja halijafunguka. Alimweleza yote, bila kupunguza: maswali tisa, kusuka nywele, mlango uliokuwa wazi, kamera. Akangoja utani. Utani haukuja.

"Wiki nzima unachapa kwa vidole viwili," mzee akasema hatimaye, kwa sauti ya kukwaruza. "Hata mimi nikichoka hushona mkono wa kushoto mahali pa kulia. La kuandika nimekusamehe."

"Ahsante, Mzee wangu."

"Ngoja, sijamaliza. La kunyamaza bado. Liache kwangu kwanza."

Bi Kadi akaitikia kwa kichwa. Alirudi masjala, akapiga simu ya kwanza ya kuwaonya wale ishirini na tisa waliobaki, na mtu alipopokea, akashindwa kujua aanzie wapi.