Waliounga Mkono Sana

Saa mbili unusu asubuhi, Jumatatu ya pili ya Julai 2021, Apondi alitandika kitanda, akaketi juu yake akiegemea ukuta, akaweka kishikwambi cha kampuni juu ya mto na kuvaa hedifoni. Dirisha alikuwa amelifunga, kwa sababu boza, lori la maji, lilikuwa likijaza tangi la ploti yao ya vyumba vya kupanga kwa kelele za kuudhi. Chumba chake kilikuwa kimoja, ghorofa ya pili, Kitengela, na kitanda ndicho kilikuwa ofisi.

Kampuni ya utafiti huko Nairobi ilitaka kujua watu wa Kaunti ya Kajiado wanayaonaje mambo ya korona: barakoa, kafyu, kupimwa, na kama serikali ikiamua kuifunga kaunti tena, wao watasemaje. Maswali yalikuwa ishirini na mawili. Sheria za kazi zilikuwa tatu. Soma swali jinsi lilivyoandikwa. Usimsaidie mtu kujibu. Usishangae. Nick, msimamizi wao, aliyekuwa akisikiliza simu zote kutoka ofisini, aliikazia sana hiyo ya tatu. Alisema muulizaji akishatoa "Ai!" moja tu, jibu limeharibika.

Apondi aliiweza kazi hiyo. Tangu Aprili hakuna kitu kilichokuwa kimemshangaza.

Wenye uhai walikuwa wasumbufu. Kijana mmoja wa Gataka alimwambia, "Lockdown gani tena, madam? Ya kwanza ilinimalizia job, ya pili nikauza kitanda. Hii ya tatu mnataka niuze nini, figo?" Simel, mfugaji wa Ewuaso Kedong, alisema ng'ombe zake walipita kwenye kizuizi cha polisi bila kuulizwa kitu lakini yeye mwenyewe akarudishwa. "Sasa andika hiyo," akasema, na Apondi akatafuta mahali pa kuiandika, asipate, akabonyeza Napinga sana. Mama mmoja wa Ngong alipoulizwa kama amewahi kupimwa alijibu, "Nipimwe ndio ploti yote ijue?" akakata simu.

Apondi alimwelewa vizuri mama huyo. Mwaka uliotangulia, Nthambi wa chumba cha chini alipimwa akapatikana na korona, na kesho yake ploti nzima ikamkataza kushika mfereji. Kwa wiki tatu alitekewa maji na dada yake aliyetoka Mlolongo, akiyaacha nje ya mlango. Apondi alikuwa mmoja wa waliomkataza, na tusimpake mafuta: ndiye aliyekwenda kumwambia msimamizi wa ploti.

Waliokufa walikuwa na adabu zaidi. Walianza kuingia kwenye orodha siku ya pili ya kazi. Mwalimu Mugure wa Kimuka alishika simu kabla haijalia mara mbili, akasikiliza maelezo yote bila kumkatiza, kisha akasema, "Mimi nimekufa tangu Novemba, mama. Hiyo iko na shida?" Apondi alimwomba asubiri kidogo, akamwandikia Nick ujumbe. Jibu lilirudi baada ya dakika kumi: fomu inataka mkaaji wa kaunti mwenye miaka kumi na minane na zaidi, haijasema awe hai. Wakaendelea.

Kuanzia hapo, katika kila simu arubaini, kumi na moja au kumi na mbili zilishikwa na marehemu. Walikuwa na muda. Hawakuomba apige baadaye, hawakuwa na watoto wa kuwalilia pembeni, na hawakukata simu katikati; wenye uhai waliofika swali la mwisho hawakuzidi watano. Walivaa barakoa kila wakati, hawakuvunja kafyu hata siku moja, hawakukusanyika. Na walipofikia swali la ishirini na moja, lile la kufungwa tena, walijibu wote jibu moja: Naunga mkono sana. Nick alifurahi. Alisema kwa mara ya kwanza takwimu za Kajiado zinakuja zikiwa safi.

Saa nne na robo Jumatatu hiyo, kishikwambi kilileta nambari inayoishia 417.

Ilikuwa nambari ya mumewe. Ouko alianza kukohoa mapema Aprili, kaunti ikiwa imefungwa, na wakakubaliana yeye na mkewe kwamba ni vumbi la Kitengela, vumbi ambalo kwa kweli halijawahi kukosekana. Hakuna aliyetaja kupimwa. Wote wawili walikuwa wakiupita mlango wa Nthambi kila siku. Siku ya kumi Ouko alishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, wakaja watu wenye nguo nyeupe wakampeleka kwenye kituo cha karantini kilichokuwa kimefunguliwa nje kidogo ya mji wa Kajiado, ndani ya mabweni ya chuo fulani. Apondi hakuruhusiwa kupita lango. Asubuhi tano mfululizo alipeleka uji wa wimbi ndani ya thamosi ya buluu, akampa mlinzi, mwanamume mpole aitwaye Hillary, na kila asubuhi Hillary akamrudishia ile ya jana ikiwa tupu, imeoshwa vizuri. Thamosi tupu ndiyo iliyokuwa habari yake ya pekee. Mtu anayemaliza uji, aliwaambia jamaa kwenye simu, huyo anapona.

Siku ya sita akaambiwa ameaga.

Ili kuvuka mpaka wa kaunti kwenda Ugenya, kwao Ouko, kumzika, Apondi alihitaji cheti cha kuonyesha hana ugonjwa. Alipimwa siku hiyohiyo. Gari la maiti halikungoja, lilikuwa na masaa yake ya kibali, likaondoka na dereva pamoja na Omolo, kaka yake Ouko. Mazishi aliyaona kupitia simu ya shemeji huyo, picha ikigandaganda, sanduku likifika kaburini kwa vipande. Baadaye Omolo alimwambia jambo moja lililomsumbua: sanduku lilikuwa jepesi, vijana wanne walilibeba karibu wakikimbia, na kulifungua wamekatazwa. Majibu ya Apondi yalitoka siku nne baada ya mazishi. Hakuwa na ugonjwa.

Alikuwa amepiga 417 mara nyingi tangu hapo, na kila mara akaambiwa mteja hapatikani. Kwa kishikwambi cha kampuni ililia mara moja tu, ikashikwa.

"Hallo, habari ya asubuhi," Apondi akasoma. "Jina langu ni Apondi, napiga kwa niaba ya—"

"Mama Shirleen," sauti ikasema, ikimwita kwa jina la mtoto wao. "Umekawia kupiga."

Nick alikuwa kwenye laini. Apondi alisikia kiti chake kikilia.

"—kampuni ya utafiti. Mahojiano haya yatachukua dakika kumi na tano, na yanarekodiwa. Je, uko tayari kuendelea?"

Ouko alikuwa mtu wa kufahamu mambo haraka, na alijua mkewe akianza kusoma hakatiziki.

"Niko na nafasi," akasema. "Uliza."

"Je, una umri wa miaka kumi na minane au zaidi?"

"Forty-one. Ilisimama hapo."

"Je, kwa sasa unaishi katika Kaunti ya Kajiado?"

Hili ndilo lilikuwa swali la kuchuja. Mtu akisema hapana, kishikwambi humshukuru chenyewe na kukata simu, na nambari hiyo haiji tena. Ouko alikuwa amezikwa Ugenya, upande wa kulia wa nyumba ya mama yake, na Apondi alikuwa na picha. Kidole chake kilibaki hewani. Aliogopa, kwa woga ambao hakuwa nao hata siku ile ya nguo nyeupe.

"Kajiado," Ouko akasema. "Si niko tu hapa kwa benchi, nyuma ya mabweni. Walituambia tusitoke mpaka majibu yatoke. Niko na hawa wengine."

Nyuma yake watu walikohoa kwa zamu, bila haraka. Apondi akabonyeza Ndiyo.

Alimuuliza kuhusu barakoa. Hatujawahi kutoa, Ouko akasema. Alimuuliza kuhusu kafyu na mikusanyiko na kunawa mikono. Alimuuliza kama amewahi kupimwa, akasema ndiyo, mara moja, puani. Alimuuliza majibu yalichukua muda gani, akamsomea yote: saa ishirini na nne, siku mbili, siku tatu hadi saba, zaidi ya siku saba.

"Bado."

"Tafadhali chagua moja kati ya majibu niliyosoma."

"Basi weka hiyo ya zaidi ya saba."

Akafika swali la ishirini na moja. "Iwapo serikali itaifunga tena Kaunti ya Kajiado, je, utaunga mkono sana, utaunga mkono kiasi, utapinga kiasi, au utapinga sana?"

"Sana," Ouko akasema upesi. Kisha akashusha sauti. "Andika sana, Mama Shirleen. Hapa mtu akionekana ni wa kukataa, faili yake inawekwa chini ya zingine. Kila mtu hapa anasema sana."

Apondi aliandika sana. Alikuwa ameiandika mara tisini na kitu tangu wiki iliyopita, akidhani marehemu ni watu wa kuridhika.

Likabaki swali la mwisho. Kwa siku sita alikuwa akilisoma haraka, kwa sababu watu wengi hulijibu kwa kusema hapana. Sheria haikusema lisomwe kwa kasi gani.

"Je," akasoma, akiweka neno moja baada ya lingine, "kuna jambo lingine, lolote, ambalo ungependa kusema?"

Boza la maji lilikuwa limeondoka. Mtu mmoja nyuma ya Ouko aliacha kukohoa, mwingine akapokea.

"Nilikuwa nakusikia," Ouko akasema. "Hapo kwa gate. Ulikuwa unaambia watchman ni ya wimbi, isipoe. Siku zote tano nilikusikia. Lakini hiyo uji haikunifikia, hata siku moja. Mimi nilikuwa naskia sauti, basi, inanitosha mpaka kesho. Usilie sasa. Si umesema wanarekodi?"

Apondi hakulia. Aliandika. Nafasi ya maoni ilikuwa ya herufi thelathini pamoja na mianya yake, na ilipojaa ilikataa kupokea zaidi hata alipobonyeza kwa nguvu. Kilichoingia ni: Uji ulikuwa ukiletwa kila siku.

"Asante kwa muda wako," akasoma. "Maoni yako ni muhimu na yatasaidia kuboresha huduma."

"Salimia Shirleen," Ouko akasema. "Ako class four sasa, ama?"

Hilo halikuwa na mahali pa kujibiwa. Simu ikakatika kama zinavyokatika zote baada ya shukrani, na baada ya dakika moja Nick akapiga. Alimpa pole, kwa moyo kabisa. Alimsifu kwamba hakushangaa. Ila akamkumbusha kuwa swali la ishirini na mbili alilisoma polepole mno, na hiyo inaweza kumshawishi mhojiwa. Yale maoni kuhusu uji, akasema, watayaingiza chini ya walioridhika na huduma ya chakula.

Jumamosi Apondi alikoroga uji, akaujaza ndani ya thamosi ya buluu, akaenda Kajiado. Wanafunzi walikuwa wamerudi chuoni, nguo zao zimeanikwa kwenye madirisha ya mabweni. Hillary alikuwa langoni bado, amevaa glavu, na Apondi akamuuliza kuhusu waliokuwa wakingoja majibu.

"Wale wa majibu?" Hillary akasema. "Wako tu huko nyuma. Lakini mambo ya kuona wagonjwa bado hatujaambiwa tufungue."

"Majibu yatatoka lini?"

"Mimi ni wa gate, mama."

Apondi alimtazama. Shavu lilikuwa limemjaa tangu Aprili. Apondi angeweza kumtukana, na matusi alikuwa nayo, ya Kijaluo na ya Kiswahili, ya kutosha safari nzima ya kurudi. Lakini Hillary ndiye aliyekuwa na ufunguo, na nje ya lango hilo hapakuwa na mahali pengine pa kusimama. Akampa thamosi kwa mikono miwili.

Aliporudi Jumamosi iliyofuata akiwa na thamosi ya pili, redio ilikuwa ikiongea ndani ya kibanda. Utafiti mpya umeonyesha kuwa watu saba kati ya kumi katika Kaunti ya Kajiado wanaunga mkono sana kaunti ifungwe tena ikibidi. Mkubwa mmoja akasema wananchi wamesema, na serikali ni sikivu.

"Saba kwa kumi," Hillary akasema, akitikisa kichwa. "Mimi sijaulizwa. Ni watu gani hao?"

"Ni watu," Apondi akasema. "Niliongea nao."

Hillary akaingia kibandani, akatoka na thamosi ya buluu. Ilikuwa tupu, imeoshwa, kifuniko kimekazwa vizuri.

"Alimaliza yote," akasema.

"Asante," Apondi akasema. Akaipokea, akamkabidhi ile nyingine, akasogea mpaka kifua chake kikagusa vyuma vya lango. Kisha, akitazama juu ya kofia ya mlinzi, kuelekea nyuma ya mabweni, akapaza sauti hata wanafunzi wawili wakatoa vichwa dirishani.

"Ni ya wimbi!" akasema. "Isipoe!"