Bampa Chini ya Blanketi

Fundi alikuwa amechoka hata kabla ya kushika msasa. Wiki nzima alikuwa akipuliza rangi magari ya watu kwenye baridi inayopenya hadi mifupani, na siku yake ya kupumzika dada yake akamletea gari lake. Kesho yake wakaguzi wa kampuni ya teksi wangelitazama. Plastiki zake za nje, bampa na vile vipande virefu vya milangoni, zilikuwa zimepauka kama magoti yasiyojua mafuta.

"Kaka, nisaidie. Likikataliwa, narudi kukaa bure."

Akazibandua, akazisugua, akaziosha, akazipuliza rangi nyeusi palepale uani. Rangi haikukauka. Ilichuruzika kama machozi, kisha ikafanya utando mweupe kama jivu.

"Umefanyaje tena?" dada akauliza.

"Si mimi, ni baridi. Rangi nayo inataka joto, kama mtu."

"Sasa?"

"Sasa tunaanza upya." Akakaa kwanza juu ya ndoo, akafumba macho, ndipo akasimama kuisugua rangi ile itoke.

Safari hii aliyatumbukiza makopo ya rangi kwenye beseni la maji ya vuguvugu, na vipande vyote akaviingiza ndani vipate joto. Alipokwenda chumbani kwa mama yao kuchukua bampa, akalikuta limelazwa kitandani, limefunikwa blanketi gubigubi.

"Mama, ndiyo nini hii?"

"Si mmesema linaumwa na baridi?" Mama, ambaye siku hizi alisikia nusunusu, hakuwa na dalili ya utani. "Msilitoe hivihivi, mtalizidishia."

Dada akacheka hadi akashika ukuta. Fundi naye alitaka kucheka, lakini hata kicheko kina gharama yake mwilini.

Wakashirikiana. Dada alitoa kipande kingali na joto, fundi akakipuliza tabaka jembamba, wakakirudisha haraka ndani. Wakangoja, wakarudia. Vidole vya fundi viliganda kwenye kopo mpaka akawa anavikunjua kwa mkono wa pili.

Jioni rangi ilikuwa imeshika, nyeusi tii. Isipokuwa mahali pamoja, katikati ya bampa: alama ya kidole gumba.

"Nilikuwa natazama kama limepata nafuu," mama akasema.

Fundi akaokota msasa. Dada akauchukua mkononi mwake taratibu.

"Acha, kaka."

"Wataliona."

"Waone. Wakiuliza, nitasema ni mhuri wa daktari wake. Wewe kalale."

Alitaka kubisha, ila miguu ilikwisha kuelekea chumbani.

Kesho yake mkaguzi alilizunguka gari, akainamia bampa, akatazama ile alama ya kidole, akatikisa kichwa. Kisha akamwambia dada aanze kazi Jumatatu. Dada akapiga simu nyumbani papo hapo. Simu iliita, ikaita, ikakatika. Fundi alikuwa bado amelala, na viatu miguuni.