Mchi wa Kwanza

Katika ufalme wa Vinuni haki ilitwangwa, na sisemi kwa mafumbo. Mtu akihukumiwa kifo alifungwa kwenye nguzo katikati ya uwanja, akajazwa pumba kinywani asije akaapiza watu, kisha kila nyumba ikaja na mchi wake, ule ule wa jikoni. Mfiwa ndiye aliyepiga kwanza. Bila mchi wa mfiwa hakuna aliyeruhusiwa kumgusa mhukumiwa, hata Mfalme. Lakini mchi huo ukishatua, hakuna nyumba iliyoruhusiwa kubaki nyuma. Jioni kila mmoja alirudi kwake, akausuuza mchi kwa maji ya mara moja tu na kuutwangia chakula cha siku hiyo, ili asije akasema baadaye kwamba yeye hakuhusika. Watu wa Vinuni waliuonea fahari utaratibu huo. Wageni walipokunja nyuso waliambiwa kwamba kule kwao watu huuawa vyumbani na askari wasiowajua, na wananchi hulala usingizi kana kwamba hawakuua.

Mimi nawapa haki yao katika hilo. Hawakujificha.

Basi kwa miaka miwili akatokea mtu aliyekuwa akinyonga watu katika bonde la udongo mweupe. Alinyonga kumi na tisa. Alimnyonga mzee akichota maji, akamnyonga bibi harusi siku ya saba ya harusi yake. Kila alipopita, majirani walifunga virago na kuhama, na askari wa Mfalme walikuja kuzungushia uzio mahame yao, kwa usalama, walisema. Mfalme naye alikuwa akijenga kasri jipya la matofali meupe, na watu walimsifu kwa moyo wake wa kuendelea kujenga nchi wakati wa huzuni.

Wa kumi na nane na wa kumi na tisa walikuwa Sikudhani na Mwanaidi, mabinti wa mjane mmoja aliyeitwa Mfinyanzi kwa sababu ya kazi yake. Aliwakuta katika shimo la kuchimbia udongo wamelala kifudifudi, udongo haujakauka viganjani mwao. Shingoni mwa Mwanaidi ulibaki ugwe mwekundu, umezama nyamani hata ikabidi aufungue kwa kucha. Aliufunga katika pindo la leso yake, na hakuitoa leso hiyo mwilini tena.

Mwezi uliofuata Mnyongaji alikamatwa akiwa amelala katika mojawapo ya nyumba za wale waliohama, ameshiba, na kuku wa watu wamefungwa miguu pembeni. Hakukana. Kesho yake baraza likakaa.

"Mtukufu Mfalme," alisema Waziri wa Haki, "jambo hili halina pande mbili. Aliyeua kumi na tisa hana tena sehemu katika uhai. Naomba atwangwe kesho."

Mganga wa Mifupa akasimama kwa shida. Alikuwa mzee pekee barazani aliyekuwa na kazi nyingine zaidi ya kuwa barazani. "Mtukufu, mtu huyu ni mnyama, na mimi simtetei. Naomba afungwe, aishi, aulizwe. Kumi na tisa wote ni wa bonde moja. Kwa nini bonde moja? Tukimtwanga kesho tutakuwa tumetwanga na jibu. Tena tusijisahau. Mwaka jana tulimtwanga mchunga mbuzi kwa kumwua jirani yake, na wiki tatu baadaye jirani akarudi kutoka safarini na mzigo wa chumvi kichwani."

"Mmoja alikufa, mmoja akarudi," alisema Waziri. "Idadi ya raia haikupungua."

Baraza likacheka. Mfalme hakucheka. Alikuwa amefumba macho, kama kawaida yake wengine wanapofikiri.

"Aitwe mfiwa wa mwisho," alisema.

Mfinyanzi aliingia na mdogo wake, mwanamke mkimya ambaye tangu msiba alikuwa akimshika mkono kila mahali kama anayemvusha mto. Mganga alimsogelea.

"Mwanangu, ukikataa kupiga, sheria inatupa nafasi ya kumhoji. Nakuomba siku thelathini tu."

"Mzee, wewe unaunga mifupa," alisema Mfinyanzi. "Niungie wanangu."

Mganga akainamisha kichwa.

"Huwezi. Basi usiniombe siku. Mimi kila alfajiri nafinyanga vyungu vitatu halafu nakumbuka nimebaki peke yangu. Nataka nimsikie akivunjika. Nataka niwe karibu."

Sitamlaumu, na msomaji aliyewahi kuzika mtoto hatamlaumu. Wanaotaka kumlaumu waanze kwa kuufungua ugwe ule kwa kucha zao.

"Kesho," alisema Mfalme bila kufumbua macho.

Kesho yake uwanja ulijaa toka asubuhi. Kiti cha Mfalme kiliwekwa hatua tatu kutoka kwenye nguzo, maana alipenda kuona vizuri. Malkia aliketi nyuma yake. Mnyongaji alikuwa amefungwa, mashavu yametuna kwa pumba, macho yamemtoka. Mfinyanzi alisimama mbele na mchi begani, mdogo wake kando yake, na nyuma yao nyumba mia tatu na michi mia tatu.

Ngoma ya hukumu ikaletwa. Ilikuwa haijapigwa tangu mwaka jana, na mpigaji alikuwa ameipamba kwa siku hiyo, ngozi mpya na kamba mpya. Ilipita mbele ya Mfinyanzi karibu kiasi cha kuigusa. Naye akaigusa. Akapitisha vidole vyake kwenye ugwe uliokaza ngozi, mwekundu, wa nyuzi nne, wenye fundo dogo kila baada ya shubiri.

"Baba, ugwe huu umeupata wapi?" alimwuliza mpigaji.

"Huu?" Mpigaji alijivuna. "Huu hauuzwi, mama. Unasokotwa ndani kwa Mfalme tu, kwa ajili ya ngoma hii, na ufunguo wa chumba hicho anashika mwenyewe."

Mfinyanzi alifungua pindo la leso. Akaweka ugwe wake juu ya ule wa ngoma, fundo juu ya fundo. Mdogo wake aliona, akaziba mdomo kwa mkono.

"Mfiwa apige!" alipaaza sauti Waziri, haraka kuliko ilivyo adabu.

Mfinyanzi alikwenda mpaka kwenye nguzo, akaingiza vidole kinywani mwa Mnyongaji na kuzikomba zile pumba. Waziri alipiga kelele kwamba ni mwiko. Askari walitazamana, kwa sababu hakuna aliyewahi kufundishwa la kufanya mfiwa akigusa pumba. Mnyongaji akakohoa, akatema, na kutema tena.

"Nani alikupa ugwe?" aliuliza Mfinyanzi.

"Mwenye ngoma," alisema Mnyongaji. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu unayeweza kukutana naye kisimani. "Alitaka bonde. Aliniahidi hutanipiga wewe. Alisema mtanifunga, halafu nitatoroshwa. Mwongo mkubwa."

Watu wa mbele walisikia, wakawaambia wa nyuma. Mfalme sasa alikuwa amefumbua macho yote mawili.

"Piga, mwanamke," alisema. "Si ndiye aliyewashika shingo wanao?"

"Ndiye," alisema Mfinyanzi.

Akageuka, hatua moja, ya pili, ya tatu, na kuushusha mchi kwenye paji la uso la Mfalme.

Sheria ya Vinuni ilisema mchi wa mfiwa ukitua, kila nyumba ifuate. Haikutaja cheo cha anayetuliwa. Kwa pumzi moja hakuna aliyesogea. Kisha mtu mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa ndani ya uzio akaja na mchi wake, na baada yake wote wakaja. Walimpiga Mfalme akiwa kitini, wakampiga kiti kilipovunjika, wakaendelea kupiga mpaka ardhi ikawa laini na michi ikawa inanata. Askari, ambao nao walikuwa na nyumba, waliweka mikuki chini na kuazima michi. Waziri wa Haki aliwahi kupata wake kabla ya wengi, na hakuna aliyepiga kwa bidii kumshinda.

Kisha wakamwendea Mnyongaji. Walimwita Mfinyanzi apige kwanza, lakini alikuwa ameketi chini, mikono imekufa ganzi, akitazama ule ugwe. Hawakumngoja. Walimvunja pale pale nguzoni. Kutoka hapo wakampiga mpigaji ngoma, kwa kuwa alijua ufunguo uko kwa nani. Mganga wa Mifupa alijitupa juu yake akipiga kelele kwamba yatosha, yatosha jamani, na michi haikuchagua nani wa juu na nani wa chini. Jioni ile katika nyumba mia tatu ilisikika sauti ya kutwanga, na unga ulitoka na rangi.

Asubuhi Waziri aliketi kwenye nafasi iliyokuwa na kiti. Alikuwa ameoga vizuri. Alitangaza kwamba dhulma imekwisha na kwamba bonde litabaki ndani ya uzio kwa muda, kwa usalama.

Ndipo Malkia alipoingia uwanjani, nywele zimenyolewa kama desturi ya wajane, mchi mkononi. Mchi wenyewe ulikuwa mpya. Alikuwa hajawahi kutwanga maishani.

"Mimi ni mfiwa," alisema.

Watu walianza kuficha michi nyuma ya migongo yao. Malkia alipita mbele yao taratibu akiwaangalia mmoja mmoja.

"Wote hawa," alisema. "Nianze na nani?"

"Sheria ni sheria, Malkia," alisema Waziri kwa upole. "Anza na aliyeanza."

Mfinyanzi hakukimbia. Alitoka katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Malkia, na kuivua ile leso aliyokuwa haivui.

"Nilitaka kumsikia akivunjika, mama," alisema. "Nilimsikia. Usiku sikulala. Niliamka nikafinyanga vyungu vitatu." Akanyoosha kidole. "Yule pale ni mdogo wangu. Ukinipiga, kesho yeye ndiye mfiwa. Mtazame kwanza usoni, halafu upige."

Malkia alimtazama yule mwanamke mkimya. Alimtazama muda mrefu, mchi ukiwa hewani, na nadhani nusura aushushe pembeni. Lakini mume wake alikuwa amefagiliwa kwa ufagio.

Mchi ulitua. Na kwa kuwa ulitua, nyumba mia tatu zilifuata, watu wale wale, wengine wakilia kwa sauti huku wakipiga.

Jioni ile walitwanga, wote isipokuwa mmoja. Mdogo wake Mfinyanzi aliuosha mchi wake mara saba, akauegemeza mlangoni, na kuketi kando yake kungoja ngoma.