Kaisari Amebanwa

Jumanne hiyo, saa nne na robo asubuhi, mjaribu gemu wa ghorofa ya tatu alikuwa ameshamuua Kaisari mara kumi na tisa, na kikombe chake cha pili cha chai hakijapoa. Ndiyo kazi yake: kuicheza gemu kabla haijaenda madukani, kutafuta kasoro, kujaza fomu. Kaisari alikuwa mtoto wa miaka minane mwenye taji lililomfunika masikio. Alikaa kifuani mwa roboti refu kuliko mnara wa simu, akichoma miji ya watu. Ndiye adui wa gemu nzima, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba ubaya wake haukutosha.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimemsumbua mjaribu wiki mbili. Kaisari alikuwa akipishanisha miguu na kuitikisa. Akaandika fomu: "Kaisari hatulii kitini. Sababu haijulikani." Fomu ikarudi na muhuri: KASORO NDOGO.

Mara ya ishirini, kombora likiwa njiani, Kaisari aliinua mkono.

"Ngoja," alisema. "Sisi Kaisari tumebanwa."

Mjaribu alirudia hatua ileile, kama utaratibu unavyotaka. Kaisari akabanwa tena, palepale.

"Si uende, basi," mjaribu akamwambia.

"Twende wapi? Humu ndani kuna vyumba mia nne na kumi na viwili. Kimoja ni cha kofia zetu peke yake. Choo hakuna."

Mjaribu alimgeukia mchoraji wa meza ya pili. Wenzake walimwita Kifutio, kwa sababu alifuta mara mbili ya alichochora.

"Wewe, hukumchorea mtoto choo?"

"Nani aliniambia makaisari wanakojoa?"

"Yumo humo tangu lini?"

Kifutio akahesabu kwa vidole. "Tangu nimchore. Ametimiza miaka minane, na huu ni mwaka wa tisa."

Kaisari hakungoja hesabu. Skrini ilikuwa pana na yeye mwembamba. Alipitisha mguu mmoja ukingoni, kisha wa pili, akashuka juu ya meza akikikwepa kikombe cha chai.

Ghorofa ile ilikuwa na choo kimoja. Ufunguo ulikaa kwa Msimamizi, umefungwa kwa kamba kwenye kipande cha ubao kirefu kama mkono, ili mtu asije akausahau mfukoni. Kila mfanyakazi alikuwa na zamu mbili kwa siku, moja ya asubuhi na moja ya alasiri, na aliandikwa jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Asiye na zamu alibana. Mjaribu alikuwa ameshatumia ya asubuhi.

"Jina?" Msimamizi aliuliza.

"Kaisari wa Mbingu Saba, Mwangamizi wa..."

"Jina lako halimo humu." Kidole chake kilishuka kwenye daftari, kikapanda tena.

"Bosi, huyu yuko kazini mwaka wa tisa sasa," mjaribu alisema.

"Mimi nina daftari. Sina historia."

Mtoto alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Taji lilikuwa limemteleza hadi puani. Mvumilivu hula mbivu, ni kweli, lakini yapo mambo ambayo hayasubiri yaive. Mjaribu alifikiria urefu wa alasiri, akafikiria vile vikombe viwili.

"Mwandikie zamu yangu."

"Ya alasiri? Usije ukanililia saa kumi."

Kaisari alikojoa dakika ishirini na sita. Mwanzoni mkojo ulilia kama mvua ya kwanza juu ya bati, halafu ukatulia kama bomba lililosahauliwa. Watu waliacha kuandika. Kila aliyesikia alishusha mabega bila kujua kwamba alikuwa ameyapandisha. Mama wa mapokezi, ambaye hakumzaa wala kumlea, alisema, "Pole, baba. Toa yote."

Alitoka na taji kwapani, mikono inadondosha maji.

"Asante, shangazi," alimwambia mjaribu. "Nilikuwa nakufa." Yale ya "sisi" yalikuwa yameisha.

"Dogo," Kifutio alisema, "na miji yote ile uliyoichoma?"

"Nilikuwa naharakisha. Waliniambia nikishinda nitatoka."

Akapanda meza, akarudi kwake.

Saa nane mchana roboti lilikuwa limepiga magoti katikati ya mji. Wakazi walikuwa wameanika shuka kwenye vidole vyake. Mjaribu alibonyeza kila kinachobonyezeka, vita havikuja. Msimamizi alisimama nyuma yake akisaga meno, maana gemu ilikuwa itoke Ijumaa. Muhuri ukalia: KASORO KUBWA. ADUI HANA HASIRA.

"Dawa yake ndogo," alisema. "Asipewe ufunguo tena. Akibanwa atawaka. Nitarudi saa tisa na nusu nikute mji unaungua, na wewe utatia sahihi."

Alipoondoka, mjaribu alibaki ameshika kalamu. Kwenye skrini Kaisari alikuwa anamtazama, na mguu ulikuwa umeanza kutikisika tena, kwa woga tu.

Kifutio alivuta kiti, akachora mlango nyuma ya kiti cha enzi, mahali ambapo jicho la mchezaji halifiki. Akachora kitasa kisicho na kufuli, beseni, na sabuni. Hakufuta hata mstari mmoja.

"Mwanangu," mjaribu alinong'ona, "ukiwa hujabanwa, unaweza kukasirika?"

Kaisari akafikiri. "Naweza kujifanya. Si mimi ni mtoto?"

Akakunja uso. Mama wa mapokezi akaangusha stepla.

Saa tisa na nusu mji uliwaka vizuri sana. Msimamizi hakuona kwamba Kaisari alipiga filimbi kwanza, wakazi wakatoka na shuka zao. "Mnaona faida ya nidhamu?" alisema. Mjaribu akatia sahihi kwamba Kaisari hatapewa ufunguo tena. Ilikuwa kweli tupu.

Saa kumi vikombe viwili vikadai haki yao. Mjaribu akaenda kwa Msimamizi.

"Zamu yako imekwisha. Daftari linasema ulikaa dakika ishirini na sita. Hata aibu huna?"

Akarudi kukaa, akapishanisha miguu. Kaisari alimtazama kidogo, akasogea pembeni ya kiti cha enzi, akafungua mlango.

"Njoo tu, shangazi. Huku hatuandiki majina."

Mjaribu alivua viatu, akapitisha mguu ukingoni.

Alhamisi foleni kwenye meza yake ilikuwa ya watu saba, viatu mkononi, mama wa mapokezi akiwa mbele. Ijumaa gemu ilitoka, na wanunuzi wakasifu kwamba Kaisari wa safari hii anatisha kuliko wote.

Mwisho wa mwezi Msimamizi alifungua daftari lake akakuta kurasa nyeupe. Alifurahi, akabandika tangazo ukutani: kwa kuwa zamu mbili zimeonekana kuwa nyingi kupita mahitaji, kuanzia Jumatatu itakuwa moja.

Watu walilisoma hadi mwisho, wakavua viatu, wakapanga foleni.