Kipimo cha Rozina

Rozina alifariki Jumanne, saa nne asubuhi. Mimi na baba tulikuwa shambani, Mollo, tunapalilia mahindi. Simu iliita kwa baba. Akasikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, kisha akakaa chini kwenye tope kama mtu aliyeamriwa.

Rozina ni mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa mwanajeshi. Siku ile yeye na wenzake walikuwa wanavusha watu kwenye mto uliofurika, mkoa wa mbali na huku kwetu. Alimbeba mzee mmoja mgongoni, akamfikisha ng'ambo. Aliporudi kumchukua mwingine, ukingo ulikatika naye.

Kikosi chake hakikuwa na kipimo cha wanaume na kipimo cha wanawake. Kilikuwa kimoja tu: kilo ishirini na tano mgongoni, kilometa kumi na tano kwa saa mbili na nusu, halafu kumbeba mwenzako kwenye machela. Nakijua kwa sababu nilikijaribu kabla yake, nilipokuwa kambi ya jeshi kwa kujitolea. Nilikaa chini kwenye kilometa ya kumi na moja. Nyumbani nikasema goti liliniuma. Goti langu halijawahi kuuma.

Rozina alipopata likizo alikuja kufanyia mazoezi hapa. Wanawake wa kwetu hubeba mzigo kichwani, na kichwani hakuna aliyemshinda. Lakini kipimo kilitaka mgongo. Akajaza ulezi kwenye gunia, akalishonea mikanda, akawa anapanda nalo kilima kila alfajiri. Mabibi wa jirani walimcheka.

"We Rozina, mtoto wako anaitwa nani?"

"Anaitwa Debe, bibi. Hanyonyi wala halii!"

"Na baba yake?"

"Baba yake amekimbia, kaona mzito!"

Mabega yalimchubuka. Mama alimkanda kwa maji ya moto na chumvi, akimsihi aache. Mara ya kwanza alishindwa kwa dakika nne. Mara ya pili akafaulu. Alinipigia mimi kabla ya wote. "Kaka Timoth, nimepita! Hawajanipunguzia hata kilo moja." Nikampongeza. Jioni ile nikaenda kilabuni Majengo, kule mjini, watu wakaniuliza imekuwaje dada mtu amepita pale nilipokwama mimi. Nikawaambia, "Wanawake wana kipimo chao. Wanabebeshwa kilo kumi." Wakacheka, nami nikacheka. Neno hilo likapanda mpaka kijijini. Rozina alilisikia likizo iliyofuata. Hakujua limetoka kwangu. Alisema tu, "Watu wa huku watanipunguzia wao, basi."

Mwili uliletwa Ijumaa. Walikuja wanajeshi sita, watatu kati yao wanawake, wakiongozwa na Koplo Jenifer, mtu mfupi mwenye sauti ya taratibu. Baada ya misa jeneza lilitakiwa kubebwa kutoka nyumbani hadi makaburini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia ile ni ya kushuka. Kwetu jeneza hubebwa na wanaume wa ukoo. Baba mkubwa Cleophas alikuwa ameshatupanga, mimi nikiwa mbele kulia. Jenifer akamfuata, akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, tunaomba tumbebe sisi."

"Wanaume wenu, sawa. Nyie mabinti kaeni na akina mama. Njia inateleza, mtatuangushia mtoto."

"Baba, huyu tumembeba sana. Kwenye mazoezi ya machela yeye ndiye alikuwa majeruhi wetu. Anajilegeza makusudi awe mzito, halafu anacheka huko juu."

Mwanamke mmoja alicheka, akaishia kulia.

"Mazoezi ya wanawake hayo," baba mkubwa alisema, bila ubaya. "Hamkupimwa kama wanaume. Timoth mwenyewe ndiye aliyetueleza."

Jenifer aligeuka kunitazama. Mama naye akanitazama. Ningeweza kusema sikumbuki. Watu wangeelewa, nilikuwa mfiwa. Rozina angezikwa na zile kilo kumi zangu.

Nikasema, "Nilidanganya. Kipimo ni kimoja. Mimi kilinishinda, yeye akakiweza. Goti halikuwa linauma."

Baba mkubwa aliangalia viatu vyake. Baba, ambaye tangu Jumanne alikuwa hajasema maneno kumi, aliinuka kwenye kiti akamwambia Jenifer, "Mbebeni."

Nikatoka mahali nilipopangwa. Walimwinua wote sita kwa pamoja. Kwenye mteremko walisimama mara moja, wakabadilishana bega, wakaendelea. Mimi nilitembea nyuma, kati ya watu nisiowajua. Pale kaburini nilitupa udongo wangu baada ya wote.

Arobaini imeshapita. Baba hajanigombeza wala hajaniuliza kitu. Tunalima shamba lile lile, kila asubuhi, mimi na yeye. Akitaka kuniambia jambo, humwambia mama, na mama ndiye huniambia.