Mshiriki wa Ishirini na Nne

Profesa wangu tunamwita Inategemea, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali tangu nimfahamu. Muulize kama kikao ni saa tatu, atakwambia inategemea. Muulize kama tasnifu yako inafaa, atavua miwani, aifute kwa ncha ya tai, akwambie inategemea. Ndiyo kazi yetu, usicheke. Tunatafiti namna mtambo wa kutafuta habari unavyoweza kujua mtu anataka nini hasa, si kwa maneno aliyoandika tu, bali kwa mambo yanayomzunguka: yeye ni nani, ametafuta nini kabla ya hapo, amesoma kipi kwa muda gani, kipi amekiona akakipita. Hayo yote tunayaita muktadha, na mimi nimekula miaka sita ya ujana wangu nikiyageuza kuwa hesabu.

Maabara yetu ni stoo ya viti iliyotolewa viti. Imegawanywa kwa ukuta wa mbao. Upande mmoja anakaa mshiriki na kompyuta yake, upande wa pili nakaa mimi na skrini inayonionyesha kila herufi anayoandika. Mshiriki anapewa kadi yenye maisha ya kubuni. Jifanye mkulima ambaye mahindi yake yana madoa. Jifanye mpangaji anayegombana na mwenye nyumba. Mtambo nao unaisoma kadi hiyohiyo, unaamini kila neno, kisha unachagua makala za kumletea. Mwisho mshiriki anabonyeza chini ya kila makala: inahusu sana, inahusu kiasi, haihusu. Ndani ya dakika thelathini za kipindi mtafiti haruhusiwi kusema neno wala kuchungulia. Ukifanya hivyo, kipindi chote ni batili.

Nilihitaji washiriki ishirini na wanne, kwa sababu jaribio letu limepangwa kwa zamu ambazo hazifungi kwa watu ishirini na watatu, hata ulie. Ishirini na watatu nilikuwa nao. Wa mwisho, mhasibu wa chuo, alinitumia ujumbe Ijumaa asubuhi kwamba jino limemvimba. Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kukabidhi matokeo. Ikipita, nasubiri miezi sita mingine, na mimi nilikwishachoka kuitwa mwanafunzi na watu niliowazidi umri.

Nikampigia mama.

Mama ni fundi cherehani, mjane, ana miaka sitini na miwili, na ninaishi kwake. Wateja wakimuuliza binti yake anasomea nini, huwajibu kwamba nafundisha kompyuta kubahatisha. Nimejaribu kumsahihisha nikashindwa, maana ukiitazama vizuri tasnifu yangu haisemi kitu kingine.

Alikuja na mkoba wake wa kazini, uzi umemganda kwenye sketi. Nikaanza kumsomea fomu ya ridhaa, kwamba kila atakachoandika kitaonekana na kuhifadhiwa. Nikiwa bado kwenye ibara ya pili akatia sahihi.

"Nimekuzaa mimi," akasema. "Utaniona kipya gani?"

Nikampa kadi. Ilisema: wewe ni mwalimu wa shule ya msingi, unapanga safari ya siku mbili ya wanafunzi kwenda ziwani. Akaisoma, akaiweka kando ya kibodi, akanitoa nje kwa mkono kama anavyofukuza paka jikoni.

Dakika tano za mwanzo alikuwa mwalimu mzuri tu. Aliandika "safari wanafunzi ziwani", mtambo ukamletea makala tatu safi, zote akazipa inahusu sana. Nikajimiminia chai. Nilipogeuka, kwenye skrini palikuwa na maneno haya: "mjane ameposwa na mwenye duka la vitambaa".

Mama huandikia mtambo kama anavyoongea na jirani. Na mtambo, mwana wangu wa miaka sita, ulijua kwa hakika kwamba unaongea na mwalimu mwenye wanafunzi. Ukamletea: "Vitambaa vya rangi kali huwasaidia wasimamizi kuwaona wanafunzi majini." Mama akaisoma yote, akaipa inahusu sana.

Akaandika: "watoto watasema nini mama yao akiolewa tena". Mtambo ukajibu: "Watoto watasema nini: mazungumzo ya darasani baada ya safari." Inahusu sana. Akaandika: "mwanaume anataka jibu kesho jumamosi". Akapata: "Michezo kumi ya Jumamosi ufukweni, na jinsi ya kumfariji aliyeshindwa." Inahusu sana. Nikaelewa kwamba mama haupimi mtambo. Ananipa mimi alama, kama alivyokuwa akishangilia nilipokuwa mti kwenye mchezo wa shule.

Na mimi nilikasirika, nasema ukweli. Nalala chumba cha pili kutoka kwake. Tunakula meza moja. Mwenye duka la vitambaa namfahamu, yule mzee mpole anayekunja risiti mara nne kabla ya kukupa. Miezi mitatu vifurushi vinaingia nyumbani, vitambaa vizuri kuliko kazi zilizopo, na mimi, mtaalamu wa muktadha, nilidhani kuna punguzo. Hasira ikaisha, ikaja aibu. Mama yangu alikuwa ameshindwa kuniuliza mimi, akaona heri auulize mtambo usiojua tofauti ya posa na pikiniki.

Nilikumbuka miaka minane tangu baba afariki. Nilimwona akilini mama akila wali peke yake siku ninazochelewa. Moyo ukanijaa, na akili ikahama.

Mashine yangu inaweza kuongeza makala kwenye mtambo na kuiweka juu ya nyingine zote. Uwezo huo ni wa kurekebisha kasoro, si wa kumwandikia mama yako barua. Nilijua kabisa kwamba nikifanya hivyo kipindi kimekufa, na miezi sita imeondoka nacho. Nikaandika kwa dakika nne, bila hata kusahihisha:

"Watoto wa mjane hawatasema kitu. Wameshakuwa watu wazima na wanaona. Mama aliyelea peke yake anastahili mwenzake. Akipata mtu mpole na mwenye kazi yake, akubali tu, asiwatazame watoto usoni. Watoto watafurahi."

Nikabonyeza. Mama alipoandika tena "watoto wakikataa", makala yangu ikawa ya kwanza. Akaifungua.

Katika fani yetu, mtu akikisoma kitu kwa muda mrefu tunahesabu kwamba kimempendeza. Kuna vitabu vizima juu ya jambo hilo. Makala yangu ina mistari mitano. Mama aliisoma kwa dakika mbili na sekunde arobaini. Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili, nikijiona binti bora kuliko wote waliowahi kuzaliwa.

Akabonyeza: haihusu.

Ndiyo ilikuwa haihusu yake ya kwanza siku ile. Michezo ya ufukweni ilimhusu. Rangi za kuonekana majini zilimhusu. Mimi sikumhusu. Kisha akaandika, taratibu, kwa vidole viwili: "namna ya kumkatalia mtu mwema asinune".

Nikaweka kikombe chini. Kumbe nilikuwa nimekosea palepale mtambo ulipokosea. Mtambo ulimwona mwalimu, mimi nilimwona mjane mpweke, na kila mmoja wetu alimletea alichokuwa nacho tayari.

Mtambo, ambao haujui kuona haya, ukaendelea na kazi. Ukamletea: "Namna ya kumkatalia mwanafunzi anayeomba kuogelea." Nikaisoma pamoja naye, yeye upande ule, mimi upande huu. Mwambie mapema. Mwambie kwa upole, msikae faragha. Mwambie kwamba wewe binafsi usingekuwa na neno, ila wazazi wake hawajaruhusu.

Mama akaipa inahusu sana, na safari hii aliibonyeza mara mbili.

Dakika zilikuwa bado sita. Hakuzingojea. Alitoka na mkoba begani, akasimama mlangoni pangu akiangalia skrini, ambako maneno yake yote yalikuwa yamepangana juu kwenda chini. Sikujaribu hata kuyafunika.

"Ile ya mistari mitano uliiandika wewe," akasema.

"Umejuaje?"

"Ndiyo pekee haina wanafunzi."

Nikamvutia kiti. Akakaa, akaanza kubandua uzi kwenye sketi.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia, ungefurahi. Halafu ningefanyaje?" Akauviringisha uzi kidoleni. "Ni mtu mzuri yule. Hana baya hata moja, na ndiyo taabu yenyewe. Mimi nimepika kwa ratiba ya mtu miaka thelathini na moja, mwanangu. Baba yako nilimpenda, usinielewe vibaya. Lakini sasa hivi nalala katikati ya kitanda. Nikitaka kushona, nashona. Nikitaka kula ndizi mbili nikaita chakula cha jioni, hakuna wa kuniuliza. Nitamwambia nini mtu wa watu? Kwamba nimempima na kitanda, kitanda kikashinda?"

Nilicheka, naye akacheka.

"Nilikuwa nategemea nyinyi mkatae," akasema. "Watoto wa wenzangu wote hukataa. Wanapiga kelele, wanasusa, wanaita wajomba. Wewe unaniletea makala."

Nilichukua karatasi ya kipindi, nikaandika batili kuanzia kona hadi kona. Iliniuma, sitadanganya. Kisha nikamgeukia.

"Mama, mimi sitaki uolewe."

"Sema kwa nguvu kidogo."

"Sitaki kabisa. Ukiolewa, nahama."

Mabega yake yakashuka. Nilikuwa sijui yamepanda kiasi gani, wala tangu lini. Akatoa simu kwenye mkoba, akampigia palepale, asingoje Jumamosi.

"Ni mimi," akasema. "Nimeongea na binti yangu. Ndiyo. Amekataa. Hapana, kabisakabisa, anasema atahama. Mkali huyu, hujamjua tu." Alikuwa akinitazama huku akinichafua, na macho yake yalikuwa yananishukuru. Nikamwashiria aendelee, anichafue zaidi. Kisha akasikiliza kwa muda, uso ukabadilika, akaninyooshea simu. "Anataka kukusalimia."

Niliipokea. Nilikuwa nimejiandaa kwa karipio, na nilikuwa na ukali wangu tayari mdomoni.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Nyuma yake nilisikia mkasi ukikata kitambaa, mtu mwingine akimhudumia mteja. "Mama yako amenieleza. Umefanya vizuri kusema. Watoto wengine hunyamaza, halafu nyumba inakosa raha. Mimi sina neno na wewe."

Ukali wote ulikuwa umenikauka.

"Mwambie tu," akaendelea, "kile kitambaa cha bluu alichoniulizia kimeingia leo. Nimemwekea. Aje wakati wowote, au akutume wewe, kama hataki kuja."

"Nitamwambia."

"Haya. Msalimie."

Akakata. Nikamrudishia mama simu. Aliishika kwa mikono miwili juu ya mapaja, hakuiweka mkobani.

"Amesemaje?"

"Kitambaa cha bluu kimeingia. Amekuwekea."

"Amenuna?"

"Hapana, mama. Hata kidogo."

Akaitazama ile simu mpaka mwanga wake ukazimika.

"Heri angenuna," akasema.