Nyasi za Bondeni

Uvumi ulifika Balambala pamoja na madumu ya maziwa. Arbia, aliyekuwa akiuza maziwa Garissa, alirudi akasema wazee wa kamati za malisho wamefungiwa kwenye semina, wanafundishwa kwamba mvua itanyesha hadi ngamia waogelee. Watu walicheka. Timiro naye alicheka, lakini usingizi ukamkataa.

Bintiye Sahro alikuwa amehamia bondeni kando ya mto Tana, na mtoto mchanga mgongoni. Baada ya kiangazi kilichomaliza mifugo, nyasi zilibaki huko tu.

Kerrow, mume wa Timiro na mmoja wa wazee hao, aliporudi na kofia mpya ya semina, Timiro hakungoja anywe chai.

"Ni kweli?"

"Kweli. Wanasema bahari imepata joto, mvua itapita kiasi. Mto utamwagika. Watu wahame bondeni."

"Basi waambie."

Kerrow akashusha pumzi. "Wallahi, mama Sahro, juzi tumechinja tukaomba mvua. Leo nisimame msikitini niseme iogopeni? Watasema serikali imenipa kofia ikachukua imani."

Timiro akaenda bondeni mwenyewe, magoti yakimuuma.

"Hooyo, mbuzi wameanza kutoa maziwa," Sahro alimwambia mama yake. "Turudi huko juu tule mawe?"

Yarow, mume wa Sahro, kwa adabu hakumtazama mama mkwe usoni. Aliongea na mbuzi: "Mwambieni mama, semina haijui mto. Mimi sihami."

"Kaa," Timiro akajibu. "Mbuzi ni wako. Nyumba ni ya nani?"

Yarow akarudi kwa mbuzi wake. Kwao nyumba ni ya mke; huja nayo akiolewa, huijenga na kuibomoa kwa mikono yake. Timiro akavuta mkeka wa kwanza. Sahro alikasirika, akalia, lakini aibu ya kumtazama mama akibomoa peke yake ikamzidi. Akafungua kamba. Wakapakia punda, wakarudi huko juu na mtoto.

Mvua ilianza kwa furaha, kila mtu alhamdulillahi. Kisha ikakataa kukoma. Mto ukaja mwekundu, umebeba miti mizima. Yarow alipatikana amekumbatia tawi, hai, hana hata mbuzi mmoja. Jirani yake Zeinab hakupatikana.

Ndipo Kerrow akasimama msikitini akayasema ya semina. Hakuna aliyeicheka kofia.

Timiro hakufurahi kwamba alisema kweli. Alikuwa amechoka tu, na mjukuu alikuwa anakohoa kwenye unyevu. Lakini kila mwanamke anayepita na punda kuelekea mtoni Timiro humsimamisha na kumwambia:

Usijenge bondeni mvua ikikaribia, hata kama nyasi ziko huko tu.

Usivuke lagha, korongo la mto wa msimu, ikishapata maji, hata yakiwa ya magotini.

Usicheke habari kabla hujamuuliza aliyeisikia.

Ukifundishwa jambo, usilifiche kwa kuogopa kuchekwa.

Usimngoje mume akubali kuhama. Anza na mkeka.